Shaba anakojoa kama jike: kisa cha msuli uliodhaniwa kuwa nyonga

Shaba ni mbwa wa aina ya Malinois, dume, miaka 4, kilo 27, anaishi Kilimani, Nairobi, ghorofa ya tatu. Jina nimelibadilisha. Mwenyewe ni mama mmoja anayetoka asubuhi mapema na kurudi giza limeingia, kwa hivyo mbwa anashinda na keateka wa hapo, kijana ambaye ndiye anamlisha, ndiye anamtembeza, ndiye anamrushia mpira. Mkumbukeni huyo kijana juu bila yeye hii kesi ingenipita.

Alipoletwa kwangu alikuwa amechechemea mguu wa nyuma wa kulia kama wiki kumi hivi, lakini sio kila siku, na hapo ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Siku tatu anachechemea, anapewa dawa, anapumzishwa, siku ya nne yuko sawa anaruka kwa kochi, wikendi anarushiwa mpira, Jumatatu akiamka mguu anaugusisha tu chini kwa ncha za vidole. Kliniki ya kwanza walipiga picha wakasema ni nyonga, ati kikombe cha nyonga hakijashika kichwa cha mfupa vizuri upande wa kulia, na mama alikuwa ameshaanza kuulizia bei ya operesheni. Daktari wa mifugo ambaye hunitumia wagonjwa ndiye alisema ngojeni kwanza, huyu tumshike kwa mikono kabla ya kumshika kwa kisu. Mimi ni fizio wa mbwa, nafanya kazi na daktari, dawa siandiki na picha sipigi, kazi yangu ni mikono, macho na mazoezi.

Kabla sijamgusa mbwa nilikaa na yule kijana kwa ngazi tukaongea karibu nusu saa. Mama alikuwa anajua tarehe za kliniki na pesa alizolipa. Kijana alikuwa anamjua mbwa.

"Ilianza lini, kaka?"

"Ile mvua ya Aprili, daktari." Nilimwambia mimi sio daktari lakini hadi leo ananiita hivyo. Akasema alirusha mpira mbali kwa nyasi ya kompaundi, nyasi ilikuwa imelowa, Shaba akafika kwa mpira na kasi akajaribu kukata kona, miguu ya nyuma ikateleza ikaenda nyuma na nje, akalia mara moja tu, "wii", kisha akaokota mpira akarudi nao na wakaendelea kucheza. Jioni hakuwa na shida. Asubuhi yake akiamka ndio mguu ukakataa.

Hio hadithi peke yake inasema mengi. Mfupa ukivunjika au kano ya goti ikikatika mbwa mara nyingi anaacha mchezo hapo hapo, ama mguu anauning'iniza. Msuli uliochanika kiasi mbwa akiwa amechemka hausikiki sana, hasa kwa Malinois ambaye anaweza kukimbia na maumivu ambayo mbwa mwingine angelala nayo. Usiku msuli unapoa, unavimba, unakaza, asubuhi ndio unalipa.

Nikamuuliza kama kuna kitu kingine kimebadilika, hata kama ni kidogo. Akafikiria, akaona haya kidogo, akasema, "Siku hizi anakojoa kama jike."

Yaani hainui mguu. Zamani kila tairi ya gari pale paking'i ilikuwa yake na kila mara alikuwa anainua wa kulia, sasa anachuchumaa tu. Mama hakuwa amejua, na kwa faili yote hakuna mahali iliandikwa.

Wacha nieleze kwa nini hilo neno lilinifanya niache kuandika nimwangalie. Kuna msuli unaitwa iliosoasi, kwa kweli ni misuli miwili iliyoungana: mmoja unaanzia chini ya pingili za kiuno, mwingine unaanzia upande wa ndani wa mfupa wa nyonga, inakutana na kushuka hadi kwa kinundu kidogo kilicho upande wa ndani wa mfupa wa paja, huko juu kabisa kwenye kinena. Kazi yake ni kukunja nyonga, yaani kuleta paja mbele na juu, na kulizungusha paja kidogo kwenda nje. Sasa fikiria dume akiinua mguu kwa tairi. Hapo msuli huu lazima ufanye kazi. Na ukimwambia basi ainue wa kushoto, itabidi asimame kwa ule wa kulia peke yake, nao pia unauma. Kwa hivyo anachuchumaa. Na miguu ikiteleza kwenda nyuma mbwa akijaribu kuirudisha, msuli huo unavutwa huku wenyewe unajikaza, na hio ndio njia rahisi kabisa ya kuuchana.

Jambo la pili alilosema lilinitia hofu. Mbwa alikuwa anapewa meloxicam, dawa ya maumivu aliyoandikiwa na daktari, na siku alizoona analia zaidi kijana alikuwa anampa nusu kidonge cha diclofenac ya watu aliyonunua kwa kemisti. Alifanya kwa huruma na sikumgombeza, ila nilimuuliza kinyesi kikoje, akasema siku hizi ni cheusi kama lami. Hio ni damu inayotoka juu, tumboni. Dawa hizi mbili ni za familia moja, ukiziweka pamoja tumbo linaweza kutoboka na figo zikaumia, na diclofenac, ibuprofen na paracetamol zote zina hatari yake kwa mbwa hata zikiwa peke yake. Nilipigia daktari simu hapo hapo kwa ngazi. Alisimamisha zote mbili, akapima damu na figo, akaanzisha dawa ya kulinda tumbo, na maumivu akayashughulikia na dawa ya aina nyingine kabisa. Figo zilikuwa sawa, Mungu alitusaidia. Kwa damu hio hio alipima pia magonjwa ya kupe, juu hapa Nairobi mbwa anayechechemea leo na kupona kesho lazima umfikirie kupe, ehrlichia inaweza kufanya viungo viume na mtu akatafuta msuli mwezi mzima bure. Majibu yalikuwa safi.

Sasa kumshika. Kwanza nilimwacha asimame tu. Mbwa wa kawaida anabeba karibu asilimia 60 ya uzito kwa miguu ya mbele na 40 kwa ya nyuma, kwa hivyo Shaba wa kilo 27 anafaa kuwa na kilo 5.4 hivi kwa kila mguu wa nyuma. Sina mashine ya kupima hatua, natumia mizani mbili za bafuni, kila mguu wa nyuma kwa mizani yake, kichwa kikiwa katikati, napima mara tatu. Kushoto 6.3, kulia 4.2. Kwa macho alikuwa anasimama sawa kabisa, mizani ndio ilimchongea. Mzunguko wa paja nilipima na utepe, mahali pamoja pande zote: kushoto sentimita 38.4, kulia 36.9. Sentimita moja na nusu inamaanisha huu mguu haujafanya kazi vizuri kwa muda, hata zile wiki walizosema yuko sawa.

Akaketi. Aliketi vizuri, magoti yote mawili yamekunjwa ndani, na mwenye shida ya kano ya msalaba ya goti kwa kawaida anatupa mguu pembeni. Daktari akajaribu goti lenyewe, halikucheza mbele na nyuma, halikuwa na maji. Mkia tukauinua, tukabonyeza mwisho wa mgongo, hakujali. Nikapapasa upande wa ndani wa paja kutafuta kamba ngumu ya msuli wa grasilisi, ugonjwa ambao German Shepherd na ndugu zake hupata, mguu unarushwa kwa namna ya ajabu wakitembea lakini hawaumwi, na hata ukikatwa kwa operesheni huwa unarudi baada ya miezi. Haikuwepo, na nilishukuru.

Tukabaki na nyonga, na hapa ndio mtego wa kesi yote. Ukimlaza mbwa ukavuta paja kwenda nyuma akalia, kila mtu anasema nyonga. Lakini mwendo huo huo unavuta pia iliosoasi, vitu viwili vinalia kwa kengele moja. Kwa hivyo unavitenganisha. Nilipanua paja kwenda nje, mwendo ambao nyonga mbovu huuchukia sana, akatulia. Nikavuta nyuma polepole bila kuzungusha, nikipima na kipimapembe, kushoto alifika nyuzi 160, kulia alikaza kwa 140. Kisha kwa ile 140 nikazungusha paja kidogo kwenda ndani, akageuza kichwa akanishika mkono kwa meno bila kuuma. Mwisho nikaweka kidole kwa kinena, pale kwenye kile kinundu. Upande wa kushoto hakuna kitu. Upande wa kulia msuli ulikuwa mgumu, ukarukaruka chini ya kidole na mbwa akalia ile "wii" ambayo kijana alikuwa ameniigizia kwa ngazi. Kijana akasema, "Ndio hio, daktari, ni hio hio."

Reflex ya goti, yaani mguu kuruka wenyewe ukigongwa chini ya goti, ilikuwepo na ngozi ya ndani ya mguu ilikuwa inasikia. Hio usiiruke, kwa sababu neva ya paja inapita ndani ya huu msuli, na uvimbe ukiwa mkubwa inabanwa na goti linakosa nguvu.

Ile picha ya kwanza daktari aliitazama tena akaniita nione. Mbwa alikuwa amelazwa akiwa amepinda, yale matundu mawili ya chini ya nyonga hayakulingana, moja jembamba moja pana. Mwili ukipinda hivyo nyonga moja inaonekana imeshika vizuri na nyingine inaonekana ni ya kina kifupi, hata kama zote ni nzima. Akapiga nyingine mbwa akiwa amepewa dawa ya usingizi na amenyooka, nyonga zikawa sawa pande zote. Sisemi hivi kumdharau mtu, kumlaza Malinois mwenye maumivu bila usingizi akanyooka ni kazi ngumu. Lakini operesheni ingefanywa kwa nyonga nzima.

Altrasaundi ndio ilimaliza mjadala. Pale msuli unapogeuka kuwa kano, karibu na kinundu, nyuzi zilikuwa zimevunjika mstari na kuna eneo jeusi, upande wa kushoto nyuzi zimenyooka kama nywele zilizochanwa. Daraja la pili, yaani sehemu imechanika, sio nyuzi chache tu za daraja la kwanza wala sio msuli mzima kukatika kama la tatu.

Mama aliuliza swali moja la maana sana: kama ni msuli tu, mbona wiki kumi? Nikamwambia juu kila mara maumivu yalipoisha mlidhani msuli umepona. Siku chache za kwanza mwili unasafisha uchafu wa jeraha, halafu kwa wiki kadhaa unaweka kiraka, halafu miezi unakipanga kile kiraka kiwe nyuzi zenye nguvu. Maumivu huisha mapema sana, kiraka kikiwa bado laini. Shaba alikuwa amechana kiraka chake labda mara tano.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa za kuchosha na sikuwaficha. Chumba kimoja, kamba kila akitoka, dakika tano tano mara tano kwa siku, hakuna kochi, hakuna ngazi. Lifti ya hapo stima ikipotea haifanyi kazi, kwa hivyo kijana alikuwa anambeba kilo 27 ghorofa tatu mgongoni kama gunia, na alifanya hivyo mara nne kwa wiki hizo mbili bila kulalamika. Sakafu ndio niliipigania zaidi ya kitu chochote. Nyumba yote ni taili inayong'aa, na kila Shaba alipoinuka kwa kitanda chake miguu ya nyuma ilikuwa inateleza kidogo kwenda nje, ile ajali ya Aprili ikirudiwa kidogo kidogo mara thelathini kwa siku. Mama alikuwa tayari kulipia matibabu ya mashine ya leza. Nikamwambia kabla ya leza nunua kapeti. Kijana akaenda soko la Gikomba akarudi na vipande vya kapeti, wakatengeneza njia kutoka kitandani hadi kwa maji hadi kwa mlango. Tukakata kucha na nywele zilizoota katikati ya nyayo. Huu msuli uko ndani sana, barafu na joto vinafika kwa ile sehemu ya kinena tu, mashine zina msaada wake lakini siwezi kukuambia zinashinda sakafu isiyoteleza.

Kuvuta msuli wiki hizo nilikataza kabisa. Watu hupenda kunyoosha, wanaona msuli umekaza wanauvuta, na ukivuta kiraka kibichi unakipasua. Tulifanya tu kukunja na kukunjua mguu polepole ndani ya nafasi isiyouma, mara kumi na mbili, asubuhi na jioni, na taulo la maji moto kiunoni dakika kumi kabla yake. Halafu akili, juu Malinois aliyefungiwa bila kazi atakula mlango. Kijana alikuwa anaficha omena chini ya vikombe vya plastiki na kumwambia tafuta, dakika kumi na tano za pua zinamchosha kuliko unavyofikiria.

Wiki ya tatu na ya nne tukaongeza kutembea, lakini polepole kabisa, mwendo wa mazishi nilimwambia kijana, juu mbwa akiharakisha anaweza kurukaruka na miguu mitatu na usione, akienda polepole lazima kila mguu ushuke. Pia kumsukuma kiuno kidogo kulia na kushoto akiwa amesimama ili auamini ule mguu, na kuweka miguu ya mbele juu ya mto ili uzito urudi nyuma. Kuogelea kila mtu alikuwa ananishauri. Nilikataa. Mbwa akiogelea anakunja nyonga sana na bila kupumzika, msuli wetu ndio unafanya hio kazi yote, ni nzuri baadaye, sio kwa kiraka cha wiki tatu.

Mwisho wa wiki ya nne alikuwa hachechemei hata kidogo. Mizani ikasoma 5.7 kwa 5.0. Jumapili hio mpwa wa mama alikuja kutembea, kijana yuko ofu, mtoto akaona mbwa mzima na mpira kwa dirisha. Mrusho mmoja pale paking'i.

Mama alinipigia akilia. Nikaenda. Kinena kilikuwa na moto, msuli unaruka, mizani 6.6 kwa 3.8, mbaya kuliko siku ya kwanza. Barafu iliyofungwa kwa taulo dakika kumi mara nne kwa siku, siku tatu, na tukarudi mwanzo kabisa, dakika tano za kamba. Sikuwa na la kumlaumu mtoto, kosa lilikuwa langu, juu nilimfundisha kijana kila kitu na nyumba nzima sikuiambia neno. Tangu siku hio kila mtu wa nyumba anakaa chini na mimi mara moja, hata watoto, na mpira unaondoka nyumbani siku ya kwanza, sio unafichwa, unaondoka.

Raundi ya pili ilienda vizuri zaidi. Wiki ya nne tukaanza kunyoosha paja nyuma kwa upole, sekunde 20, mara tatu. Wiki ya tano kuketi na kuinuka akiwa amenyooka, na kurudi kinyumenyume kwa korido juu ya kapeti. Wiki ya sita miti ya ufagio iliyolazwa chini apite juu yake, kwanza chini kabisa, halafu juu ya matofali, na hapa uangalifu mwingi juu kila akiinua mguu kuvuka ni iliosoasi inafanya kazi, kijana alikuwa anahesabu na akiona kidole kimegonga mti anaacha. Kilima cha kupanda wiki ya saba. Wiki ya nane kutroti, yaani kukimbia polepole, dakika moja kati ya tano. Yote aliandika kwa kitabu cha mazoezi cha shule, kurasa 48, tarehe, dakika, "sawa" au "amekaza kidogo". Siku iliyoandikwa "amekaza" kesho yake ni nusu.

Wiki ya kumi paja lilikuwa 38.5 kwa 38.0 na nyonga inafika 158 bila neno. Msitu wa Karura walianza kwenda Jumamosi, kwa kamba, na huko kamba ni sheria kwa mbwa wote kwa hivyo hakukuwa na majaribu.

Asubuhi moja ya wiki hio ya kumi simu ikalia saa kumi na mbili na nusu, kijana anahema kama amekimbia. "Daktari, ameinua. Ule wa kulia. Kwa tairi ya gari ya mzee wa ghorofa ya pili." Nikamuuliza aliuinua sekunde ngapi, akasema hakuhesabu, alikuwa anashangaa. Nikamwambia aandike kwa kitabu, na mpira bado wiki mbili, ukirudi utabingirishwa chini kwa nyasi kavu, na Shaba ashikwe mpaka mpira usimame kabisa ndio aachiliwe. "Hata akilia?" Hata akilia.